Jamaa Aliyeacha Kuchora Sura za Watu Akaanza Kufungia Wezi Nje: Stori ya Linus Yale Jr na Mlango wa Keja Yako

Hebu toa funguo zako mfukoni kwanza. Uko na ule mdogo, bapa, wenye meno upande mmoja? Ule unaingia kwa kitasa cha mlango ama kwa kufuli? Basi huo ufunguo una mwenyewe. Ulitoka kwa kichwa cha jamaa wa Marekani anaitwa Linus Yale Jr, na alikufa 1868, wakati Nairobi haikuwa hata mji bado.

Najua jina Yale likitajwa wengi wenu mnafikiria chuo kikuu. Hapana. Chuo kilipewa jina la Elihu Yale, mfanyabiashara aliyekufa 1721. Huyu wetu ni wa vitasa, na stori yake inakuhusu wewe unayeishi bedsita kuliko unavyodhani.

Mtoto wa fundi aliyependa burashi

Linus Yale Jr alizaliwa tarehe 4 Aprili 1821 huko Salisbury, jimbo la New York. Buda wake, Linus Yale Sr, alikuwa fundi na mvumbuzi, na miaka ya 1840 alifungua karakana ya vitasa pale Newport, jimbo lilo hilo. Wateja wake wakubwa walikuwa benki. Si ajabu, juu benki ndizo zilikuwa na ganji ya kununua kitasa cha maana.

Msee wa kawaida alikuwa anajipanga na vitasa rahisi sana. Vingi vilikuwa na vizuizi vichache tu ndani, na mwizi mwenye ufunguo mmoja uliochongwa kwa ujanja angeweza kufungua milango kibao. Yaani ulinzi wa ukweli ulikuwa wa matajiri. Wewe ulifunga mlango ukaomba Mungu.

Linus mdogo hakuanza na vyuma. Alikuwa mchoraji wa sura za watu, ile kazi ya kumkalisha mtu kwa kiti na kumtoa vile alivyo kwenye turubai. Lakini karibu 1850 akaweka burashi chini na kuingia kwa kazi ya familia. Ukifikiria vizuri, hakupotea njia sana. Mtu aliyezoea kuangalia uso wa mtu kwa masaa mpaka aone kila kitu kidogo, huyo akiangalia kitasa ataona kile wengine wamepita.

Wazo la zamani, kazi mpya

Hapa heshima lazima iende Afrika. Wamisri wa kale walikuwa na kitasa cha mbao ambacho ndani yake kulikuwa na vijiti vinavyoanguka na kuzuia komeo. Ufunguo wake ulikuwa mti mkubwa wenye vijino vya kuinua vile vijiti. Mwaka wa 1848 Yale mzee alisajili kitasa cha chuma chenye wazo kama hilo. Buda alipokufa 1858, kijana akaendelea nalo, na 1861 na 1865 akasajili aina yake mwenyewe, ile dunia nzima iliishia kuiga.

Inafanya kazi hivi. Ndani ya kitasa kuna silinda ndogo inayozunguka, na kuna vijiti vya chuma vilivyogawanywa vipande viwili, kila kimoja kinasukumwa na springi. Bila ufunguo, vijiti vimekatiza kati ya silinda na ganda lake, kwa hivyo haizunguki. Ukiingiza ufunguo wako, kila jino linainua kijiti chake mpaka pale kilipogawanyika panalingana na ukingo wa silinda. Vyote vikilingana, silinda inazunguka na mlango unafunguka. Kijiti kimoja kikiwa juu ama chini kidogo tu, unabaki nje.

Lakini kitu kilichobadilisha maisha ya watu wa kawaida ni ile silinda. Zamani ufunguo ulilazimika kupenya unene wa mlango wote, ndio maana mlango mnene ulitaka ufunguo mrefu na mzito. Yale aliweka sehemu ya ufunguo kando na sehemu ya komeo. Mlango uwe mnene ama mwembamba, ufunguo ukabaki uleule mdogo, unaokaa mfukoni kama sarafu. Tena kitu kidogo hivyo kinaweza kutengenezwa kwa mashine, kingi, kwa bei ambayo si ya benki pekee.

Alijifunza kufikiria kama mwizi

Miaka hiyo kulikuwa na noma fulani kwenye dunia ya vitasa. Mwaka wa 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kitasa cha Chubb kwa karibu nusu saa. Kisha akakishughulikia kile cha Bramah, ambacho kilikuwa kimewekwa dirishani tangu 1790 na zawadi ya guinea 200 kwa atakayekiweza. Kilimchukua masaa zaidi ya 50 kwa siku kadhaa, lakini kilifunguka. Waingereza wakashika vichwa.

Hobbs alikuwa wa kampuni ya Day & Newell ya New York, na kitasa chao kikawa ndicho kinachoogopwa. Miaka michache baadaye nani akakifungua? Linus Yale Jr. Mwaka wa 1856 akatoa hata kitabu kidogo kuhusu vitasa na vile vinafunguliwa bila ufunguo, akieleza udhaifu wao waziwazi.

Na hakuogopa kuachana na kile kilichompa jina. Vitasa vya benki vya wakati huo, pamoja na vyake, vilikuwa na tundu la ufunguo, na tundu ni mahali mwizi anaweza kupitisha vifaa ama kumimina baruti na kulipua. Basi karibu 1862 akaleta kitasa cha benki cha namba, kile cha kuzungusha, kisicho na tundu. Hakuna pa kumwaga baruti. Badala ya kubishana na wezi, aliangalia pale wanapoingilia akapaziba.

Hakula jasho lake

Yale alikuwa amehamia Shelburne Falls, Massachusetts, akiendesha biashara ndogo. Oktoba 1868 akaungana na injinia kijana, Henry R. Towne, wakaanzisha kampuni ya kutengeneza vitasa pale Stamford, Connecticut. Mambo ndio yalikuwa yanaanza kunoga. Krismasi ya mwaka huohuo, tarehe 25 Desemba 1868, akiwa New York kwa kazi, moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 47. Aliacha mke na watoto, na kiwanda ambacho Towne ndiye alikikuza kikawa jina la dunia.

Sasa rudi kwa keja yako

Labda unajiuliza hii stori inakusaidia aje na mshahara haujaingia. Iko hivi: kitu kikubwa alichofanya Yale hakikuhitaji pesa. Alisimama upande wa mwizi kwanza. Na wewe unaweza.

Toka nje, funga mlango, kisha uangalie kama mtu anayetaka kuingia. Watu wengi wananunua kufuli kubwa halafu wanaifunga kwa kipande cha chuma kilichoshikwa na skrubu mbili fupi, tena ziko nje. Mwizi hana haja na kufuli hapo, anang'oa tu kile kipande. Mwambie fundi atoboe mbao mpaka upande wa ndani, aweke boliti yenye nati ndani. Boliti nne na muda kidogo wa fundi ni rahisi kuliko kununua tivi nyingine. Bawaba nazo ziangalie, kama pini zake ziko nje mlango unaweza kung'olewa kufuli ikiwa imekaa tu.

Kama mlango wako ni wa chuma wenye kile kidirisha cha kuingiza mkono, funga kufuli ndani yake, sio nje. Mkasi wa kukatia vyuma unahitaji nafasi, usimpe.

Umehamia keja mpya? Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa na kopi ya ufunguo, na mpenzi wake pia. Ongea na keateka ama landilodi, mbadilishe. Na hapa ndio utamshukuru Yale: vitasa vingi vya kisasa vinakubali kutolewa silinda peke yake na kuwekwa nyingine, bila kununua kitasa kizima. Kama unatumia kufuli, beba yako.

Ufunguo wa akiba usiuweke chini ya zulia ama juu ya mlango. Mwizi wa mtaa ameshachungulia hapo kabla yako. Mwachie jirani unayemwamini. Huyo jirani pia ni ulinzi wa bure, akijua huko nyumbani na asikie chuma kinagongwa, atatoa kichwa. Taa ya nje inayowaka nayo haimpi mwizi giza la kufanyia kazi.

Jambo moja usilichezee: moto. Usijifungie ndani kwa makufuli matano na grili isiyofunguka. Ufunguo wa usiku uwe mahali pamoja, karibu na mlango lakini mbali na dirisha lenye mkono wa kupenya, na kila mtu kwa nyumba, hata mtoto, ajue uko wapi.

Na usidanganywe kuwa kuna kitasa kisichofunguka. Ile ya Bramah ilikaa dirishani miaka 61 ikachukuliwa kuwa haiwezekani, na ikafunguka. Lakini Hobbs alihitaji siku nyingi, utulivu na watu wa kumruhusu. Mgondi wa mtaa hana hizo siku. Akikwama dakika chache, taa inawaka na jirani anakohoa, ataenda zake. Hizo dakika ndizo unatafuta, na nyingi hazihitaji ganji mob.

Kwa hivyo leo jioni ukifika, kabla ya kuwasha jiko, simama nje ya mlango wako dakika mbili. Tikisa kufuli, vuta kile chuma, sukuma dirisha. Ukipata palipolegea, ujue umepaona kabla ya yule mwingine.