Juan Nepomuceno Almonte: jina la mtunza siri, maisha ya mtoto wa siri

Jean-Népomuscène si jina geni kabisa kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo. Mara moja moja linasikika parokiani wakati wa kusoma majina ya wabatizwa, na ng'ambo ya mpaka, kule Rwanda, linasikika zaidi. Wengi wanalikata na kusema Nepo tu, basi. Lakini wachache ndio wanajua lilitoka wapi. Kwa Kihispania jina hilo ni Juan Nepomuceno, na mmoja kati ya watu waliolibeba kwa uzito mkubwa ni Juan Nepomuceno Almonte wa Meksiko. Alikuwa mtoto wa shujaa wa uhuru wa inchi yake. Alikufa akiitwa msaliti.

Jina lenyewe ni majina mawili yaliyofungwa pamoja. Juan ni Yohana, jina la Kiebrania lenye maana kwamba Mungu ametenda kwa neema. Nepomuceno, lenyewe, ni jina la mahali: mtu wa Nepomuk, mji mdogo wa Bohemia, katika inchi inayoitwa leo Ucheki. Huko ndiko alitoka padri mmoja Yohana, aliyekuwa msaidizi mkubwa wa askofu mkuu wa Praha. Mwaka wa 1393 mfalme Wenceslas IV alimkasirikia, akaamuru ateswe, kisha atupwe usiku kutoka darajani ndani ya mto Vltava.

Wanahistoria wanaona kama ugomvi ulikuwa juu ya madaraka, nani anaamuru mambo ya Kanisa. Lakini waamini walishika simulizi lingine: kwamba mfalme alitaka padri amwambie dhambi ambazo malkia aliungama, naye padri akakataa, akazama pamoja na siri ya kitubio. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka wa 1729. Watu wanamwomba wakati wanaposingiziwa na wakati wa hatari ya maji, ni vile sanamu yake inaonekana kwenye madaraja mengi ya Ulaya.

Mapadri Wajesuiti walieneza ibada yake mpaka kwenye makoloni ya Hispania. Katika karne ya 18 na ya 19 watoto wengi wa kiume kule Meksiko walibatizwa Juan Nepomuceno, mara nyingi wale waliozaliwa karibu na tarehe 16 Mei, siku ya mtakatifu huyo. Leo jina limekuwa nadra. Ni refu, ni zito, linanukia zamani, na wazazi wengi wanabakia na Juan peke yake.

Mtoto asiyepewa jina la baba

Almonte alizaliwa mwaka wa 1803 katika jimbo la Michoacán, upande wa Carácuaro, parokia maskini ya sehemu za joto kali. Mama yake aliitwa Brígida Almonte. Baba yake alikuwa paroko wa pale pale, padri José María Morelos, mtu wa damu iliyochanganyika, aliyekuwa mwendesha nyumbu kabla ya kuingia seminari.

Padri hawezi kumpa mtoto jina lake mbele ya watu. Kwa hiyo kijana alibeba jina la ukoo wa mama. Kuna pia wanaosimulia kwamba Almonte lilitoka kwenye maneno mawili ya Kihispania, al monte, yaani mlimani, porini. Wanasema vita ikikaribia, Morelos alikuwa anaamuru mtoto apelekwe mlimani afichwe. Simulizi hilo linapendwa, ingawa jina la mama linatosha kueleza yote. Kwa vyovyote, jina la mtakatifu anayefunga mdomo lilimwangukia mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa siri.

Mwaka wa 1810 padri Miguel Hidalgo aliita watu wa Dolores wasimame kupinga utawala wa Hispania. Morelos akaacha parokia, akatoka Carácuaro na watu kama 25 tu. Haikupita muda, akawa na jeshi. Mtoto naye akaingia katika maisha ya vita. Mwaka wa 1812, akiwa na umri wa miaka kama 9, alikuwa ndani ya mji wa Cuautla wakati majeshi ya mfalme yalipouzunguka kwa siku 72. Njaa iliwakamata, maji yakakatwa, magonjwa yakaua watu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, Morelos akapasua mzingo na kutoka pamoja na watu wake.

Mwaka uliofuata, Morelos aliita bunge la kwanza kule Chilpancingo. Aliomba utumwa ufutwe milele, na tofauti za watu kufuatana na rangi na ukoo ziishe. Lakini vita ilianza kumgeukia. Mwaka wa 1815 alimtuma mwanawe Marekani, katika mji wa New Orleans, asome na awe mbali na risasi. Hawakuonana tena. Morelos alikamatwa mwezi wa Novemba, akavuliwa upadri, na tarehe 22 Desemba 1815 akapigwa risasi kule Ecatepec. Kijana alibaki yatima katika inchi ya kigeni, akijifunza Kiingereza.

Wawili wenye jina moja uwanjani

Meksiko ilipata uhuru mwaka wa 1821. Almonte akarudi, kijana aliyesoma, anayejua lugha, mwenye damu ya Morelos. Milango ikafunguka. Alitumwa London katika kazi ya ubalozi, akawa mbunge, akawa afisa wa jeshi. Mwaka wa 1834 serikali ilimtuma Texas, wakati huo bado sehemu ya Meksiko, aangalie ni nini kinaendelea. Alihesabu watu, mifugo na biashara, akaona kwamba wahamiaji kutoka Marekani wameshakuwa wengi na kwamba inchi inateleza kutoka mikononi. Ripoti yake ilichapishwa mwaka wa 1835, na mpaka leo wanahistoria wa Texas wanaitumia.

Mwaka wa 1836 Texas iliasi. Almonte alikwenda pamoja na jenerali Santa Anna, raisi wa Meksiko, akawa karibu naye kule Alamo. Tarehe 21 Aprili, San Jacinto, jeshi la Meksiko lilishambuliwa wakati wa mapumziko ya mchana, likavunjika kwa muda wa dakika 20 hivi. Almonte alikamatwa. Kumbe upande wa waliomshinda alikuwepo mtu mwingine wa damu ya Kimeksiko, kapiteni aliyepigana kwa ajili ya Texas: Juan Nepomuceno Seguín, mzaliwa wa San Antonio. Majina mawili ya ubatizo sawasawa, mtakatifu mmoja, bendera mbili. Seguín naye alikuja kuitwa msaliti na watu wa Texas wenyewe, akakimbilia Meksiko.

Almonte alirudi nyumbani mwaka wa 1837. Akawa waziri wa vita, kisha balozi Washington. Mwaka wa 1845 Marekani ilipoamua kuichukua Texas iwe jimbo lake, alipinga kwa maandishi, akadai hati zake za safari na kuondoka. Mwaka uliofuata vita ikalipuka. Ilipokwisha mwaka wa 1848, Meksiko ilikuwa imepoteza karibu nusu ya ardhi yake.

Kumwita mgeni aje kutawala

Hapo ndipo njia yake ilipinda. Aliona maraisi wanaangushwa mmoja baada ya mwingine, makundi ya ndani yanauana, na jirani mkubwa wa kaskazini anangoja. Taratibu akaingia katika kundi la wahafidhina walioamini kwamba Meksiko haiwezi kusimama bila mfalme kutoka Ulaya na jeshi la kumlinda. Mwaka wa 1859 alitia sahihi mapatano na Hispania kule Paris kwa jina la serikali ya wahafidhina. Benito Juárez, raisi wa upande mwingine, akamtangaza kuwa msaliti.

Mwaka wa 1861 Juárez alisimamisha malipo ya madeni ya inje. Ufaransa, Uingereza na Hispania wakatuma meli. Wawili walirudi, Ufaransa ikabaki, kwani Napoleon III alikuwa na mipango yake. Almonte alishuka Veracruz mwaka wa 1862 chini ya ulinzi wa Wafaransa. Mtoto wa mtu aliyekufa akimfukuza mfalme wa kigeni alirudi nyuma ya bunduki za kigeni, kumtafutia inchi yake mfalme mwingine wa kigeni.

Wafaransa walipigwa Puebla tarehe 5 Mei 1862, lakini mwaka wa 1863 waliingia katika mji mkuu. Almonte akawekwa kiongozi wa baraza la kushikilia kiti mpaka mfalme afike. Huyo alikuwa Maximilian wa Austria, aliyefika na bibi yake Charlotte mwezi wa Mei 1864.

Hapa ndipo habari inagusa Kongo. Charlotte alikuwa binti wa Leopold I, mfalme wa Ubelgiji. Kaka yake ndiye Leopold II, yule ambaye mwaka wa 1885 alifanya Kongo kuwa mali yake. Wabelgiji wa kujitolea walikwenda kumlinda Charlotte kule Meksiko, na mwezi wa Aprili 1865 sehemu yao ilishindwa vibaya huko Tacámbaro, katika Michoacán ile ile alikozaliwa Almonte. Mambo yalipoharibika, Charlotte alirudi Ulaya kuomba msaada, akapoteza akili, na kwa muda akawekwa katika jumba la Tervuren mpaka liliposhika moto mwaka wa 1879. Mahali pale pale Leopold II alijenga jumba lake la maonyesho ya Kongo la mwaka wa 1897.

Almonte naye alitumwa Paris mwaka wa 1866 kumsihi Napoleon III asiondoe majeshi. Alikataliwa. Majeshi yakaondoka, na tarehe 19 Juni 1867 Maximilian akapigwa risasi kule Querétaro, sawa vile Morelos alivyopigwa risasi miaka 51 mbele yake. Almonte hakuweza kurudi nyumbani tena.

Alifariki Paris tarehe 21 Machi 1869, siku moja tu baada ya kumbukumbu ya ile siku ambayo Yohana wa Nepomuk alitupwa mtoni. Karibu mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Aprili, serikali ya Juárez iliunda jimbo jipya ikalipa jina la baba yake: Morelos. Mji wa Cuautla, ambamo mtoto Juan alivumilia njaa ya siku 72, uko ndani ya jimbo hilo. Mji alikozaliwa baba yake nao ulikuwa umeshaitwa Morelia tangu mwaka wa 1828.

Hivyo jina ambalo padri hakuweza kumpa mwanawe likapewa jimbo nzima na mji mzima. Mwana alibaki na lile la mama na lile la mtakatifu wa darajani, ambalo hata kule Meksiko leo wachache tu wanawapa watoto wao.