Nikolai Korotkov: Daktari aliyeyapa masikio kazi ya kupima presha

Muuguzi wa Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, anapomfunga mgonjwa mkanda wa presha na kuweka stetoskopu upande wa ndani wa kiwiko, hufuata njia iliyoelezwa mwaka 1905 na daktari mpasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov.

Korotkov alizaliwa mwaka 1874 mjini Kursk na kusomea udaktari Moscow. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, aliwatibu majeruhi mjini Harbin. Wengi walikuwa wamejeruhiwa mishipa ya damu, na daktari alipaswa kuamua: je, mshipa ukifungwa, kiungo kitapona au kitaoza? Korotkov akaanza kuisikiliza mishipa ili kutafuta jibu.

Wakati huo mkanda wa kupimia presha ulikuwepo. Daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, aliutangaza mwaka 1896. Hata hivyo, wapimaji waligusa mapigo ya mkono kwa vidole, wakapata kipimo cha juu pekee.

Korotkov aligundua kwamba mkanda ukijazwa upepo hadi damu isimame, sikio halisikii kitu. Upepo ukipunguzwa polepole, mapigo huanza kusikika: hapo ndipo kipimo cha juu. Yanapotoweka, hicho ni kipimo cha chini, ambacho vidole havikuweza kukipata.

Aliwasilisha ugunduzi huo katika Chuo cha Tiba cha Kijeshi, St. Petersburg, kwa maelezo yasiyojaza hata ukurasa mmoja. Baadaye alihudumu kama tabibu wa wachimba dhahabu huko Siberia. Alifariki dunia mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 46. Sauti zile zinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Urithi wake una uzito katika maeneo kama Nchelenge, kwa kuwa njia hiyo haihitaji umeme wala betri. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina maumivu. Mvuvi wa Kashikishi, au mkimbizi kutoka Kongo aliyepokewa katika makazi ya Mantapala, anaweza kuishi nalo kwa miaka mingi bila kujua, hadi apate kiharusi. Kabla ya hapo, dalili pekee huenda ikawa ile inayosikiwa na muuguzi mwenye subira, katika chumba chenye utulivu.