MAISHA YA IBN AL-HAYTHAM NA KHABARI YA KUPIMA MACHO

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa waja wake macho ya kuonea na akili ya kuyafikiria hayo wayaonayo. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Siku hizi wapimaji wa macho huenda mashamba na vyombo vidogo vya kushika mkononi. Humulika mwanga ndani ya jicho la mtu wakajua miwani ya namba gani imfaayo, na hali mtu mwenyewe hajasema neno. Chombo kama hicho kikifikishwa Munisagara, katika bonde la Mkondoa wilayani Kilosa, mzee wa huko hupimwa ndani ya chumba cha skuli kilichofungwa madirisha, wala hana haja ya safari. Na baadhi ya Waislamu wakisikia hayo hujivuna wakasema kuwa miwani ilitengenezwa na Ibn al-Haytham. Si kweli, na sifa isiyo ya kweli haimpi maiti heshima. Alilolifanya ni kubwa kuliko hilo, na inafaa lijulikane kama lilivyokuwa.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa karibu na mwaka 354 wa Hijra, sawa na 965 wa Miladi, katika mji wa Basra, ambao mabaharia wa pwani zetu waliujua sana kwa tende zake. Watu wa Ulaya walimwita Alhazen, nalo ni lile lile jina la al-Hasan lililopindwa na ndimi zao. Alisoma hisabu, handasa, falaki na vitabu vya Wayunani, akawa hodari hata khabari zake zikavuka mipaka ya Iraq.

Miongoni mwa maneno yaliyopokewa kwake ni kuwa, lau angalikuwa Misri, angaliufanyia mto wa Nili kazi ya kuwafaa watu wakati wa kujaa kwake na wakati wa kupungua kwake. Neno hilo likamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu 996 mpaka 1021, akampelekea mali na kumwita. Alipokaribia Cairo, al-Hakim alitoka mwenyewe kwenda kumpokea, kisha akampa mafundi na gharama. Ibn al-Haytham akaufuata mto kwenda juu. Njiani akayaona majengo ya watu wa kale, jinsi yalivyopimwa kwa ufundi usio na kasoro, moyo ukaanza kumwingia shaka: watu wenye elimu hii, kama jambo lile lingaliwezekana, wangaliacha kulifanya? Alipofika penye maporomoko karibu na Aswan akaona ya kuwa haliwezekani. Akarudi na haya usoni, akaomba udhuru. Na karibu na mahali hapo ndipo lilipojengwa bwawa mwaka 1902, na jingine kubwa zaidi likakamilika mwaka 1970. Wazo lake basi halikuwa la kipumbavu, ila zana za zama zake hazikutosha.

Al-Hakim akaupokea udhuru, akampa kazi katika diwani. Lakini alikuwa mtu wa kubadilika, mwepesi wa kumwaga damu kwa sababu ndogo. Ibn al-Haytham akamkhofu, asione njia ya kuokoka ila kujifanya mwenda wazimu. Mali yake ikawekwa chini ya mwangalizi, naye akafungiwa nyumbani mwake. Fakihi huweza kuuliza hukumu ya mtu kujitia wazimu na hali ana akili timamu. Lakini mwenye kukhofia roho yake ana udhuru ulio wazi. Akakaa hivyo mpaka al-Hakim alipotoka usiku mmoja kwenda jabali la Muqattam, mwaka 411 wa Hijra, asionekane tena. Hapo ndipo Ibn al-Haytham alipoidhihirisha akili yake.

Katika miaka hiyo na iliyofuata ndipo kilipotoka kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Wayunani walikuwa wamekhitalifiana juu ya kuona. Euclid na Ptolemy walisema ya kuwa jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu. Ibn al-Haytham hakuikubali kauli kwa ajili ya ukubwa wa mwenyewe. Alisema kuwa mwenye kulikodolea jua huumia macho, basi ni dhahiri kuwa kitu kinaingia, si kutoka. Akafanya majaribio katika chumba cha giza chenye tundu: taa kadhaa ziliwekwa nje mahali mbali mbali, na kila moja ikatoa doa lake ukutani ndani, akiifunika taa moja, doa lake peke yake hutoweka. Kwa hayo akathibitisha ya kuwa mwanga huenda kwa mistari iliyonyoka, na mianga ikipishana penye tundu moja haichanganyiki. Na kuona ni kuingia kwa mwanga katika jicho, kutoka kila nukta ya kitu kitazamwacho.

Hakupata yote. Alidhani ya kuwa mahali pa kuonea ni ile rutuba ing'aayo mfano wa barafu iliyo nyuma ya mboni, ambayo leo huitwa lenzi. Ilikuwa mpaka mwaka 1604 ndipo Johannes Kepler alipobainisha kuwa lenzi huupinda mwanga tu, na sura huangukia pazia la nyuma ya jicho, kichwa chini miguu juu. Lakini Kepler alijenga juu ya msingi uliokwisha wekwa, maana Kitab al-Manazir kilikuwa kimefasiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, na kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Na upande wetu Kamal al-Din al-Farisi alikisherehesha, kisha wasomaji wakawa wachache.

Baada ya kufunguliwa alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akajilisha kwa kazi ya mkono wake. Kila mwaka alinakili Euclid, na al-Mutawassitat, na al-Majisti, akauza kwa dinari mia na khamsini za Misri bila ya kushindania bei, na hizo zikawa chakula chake cha mwaka. Aliandika pia juu ya kupata upande wa kibla kwa hisabu. Akafariki Cairo karibu na mwaka 1040, umri wake umepata kama miaka sabini na mitano. Inafaa mtu atafakari hapa: mnakili wa umri huo, kazi yake ni herufi ndogo na michoro ya handasa, na duniani hapakuwa na miwani. Juzuu ya saba ya kitabu chake inaeleza jinsi kitu kinavyoonekana kikubwa kikitazamwa kwa kupitia kioo cha duara, lakini miwani yenyewe haikudhihiri ila Italia karibu na mwaka 1286, miaka mia mbili na zaidi baada ya kufa kwake.

Na lile neno lake, ya kuwa mwanga huingia katika jicho, ndilo lililofungua mlango wa kupima. Kitu kiingiacho na kurudi chaweza kufuatwa. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alitoa chombo cha kutazamia ndani ya jicho. Mwaka 1873 tabibu wa Kifaransa, Ferdinand Cuignet, akaona kuwa mwanga urudio kutoka mbonini hutembea kwa namna mbali mbali kwa kadiri ya kasoro ya jicho. Mpimaji hukaa mbele ya mtu katika giza kidogo, akamwamuru atazame mbali, akapitisha mwanga kushoto na kulia. Ule wekundu wa mbonini ukifuatana na mkono, huongeza kioo cha kukusanya mwanga. Ukienda kinyume, huweka cha kuutawanya. Mpaka wekundu utulie. Kisha, akiwa umbali wa thuluthi mbili za mita, hutoa dayopta moja na nusu kwa ajili ya umbali huo, na inayobaki ndiyo namba ya jicho.

Vyombo vipya vya mkononi hufanya hisabu hiyo vyenyewe, kwa mwanga usioonekana. Lakini vina udanganyifu wake: mtoto akilikaza jicho kutazama karibu, chombo humhesabu kuwa haoni mbali na hali si hivyo, ndiyo sababu hutiwa dawa ya matone kwanza. Wala simu za mkononi zisichanganywe na hayo. Kule Trans Nzoia, Kenya, walimu waliwapima kwa simu watoto wa skuli, na khabari zake zikatangazwa mwaka 2018. Simu zile hupima ukali wa kuona tu, hazitoi namba ya kioo.

Na liko jingine ambalo chombo cha kupima kuona mbali hakilidhihirishi. Mtu akivuka miaka arubaini, lenzi yake hukakamaa, akaanza kuusogeza msahafu mbali na uso, kisha akauweka rafuni akasema macho yamekwisha. Mzee wa Munisagara aliye hivyo huweza kupimwa kwa kuona mbali akakutwa hana kasoro, akarudishwa nyumbani na hali Yasini haisomi. Kwa huyu mpimaji huweka chombo chini, akampa msahafu mkononi, akajaribu kioo baada ya kioo mbele ya macho yake mpaka mzee mwenyewe aseme ya kuwa irabu zimesimama.