Sayyida Salme: Barua za Binti Sultani Kutoka Ugenini

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifariki baharini mwezi Oktoba, 1856, akirejea kutoka Maskati. Aliacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18. Wengi katika hao leo hawajulikani ila kwa wale wanaofuatilia nasaba za Mabusaidi. Mmoja wao, msichana aliyekuwa na miaka 12 wakati huo, anajulikana Unguja, Maskati, Beirut na Hamburg. Si kwa sababu alitawala, wala si kwa sababu aliolewa na mtawala. Ni kwa sababu alijua kuandika, na maisha yakamtupa mahali ambapo hakuwa na kingine cha kumliwaza ila kalamu.

Jina lake lilikuwa Salme. Alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, jumba lililojengwa karibu na maji hata mawimbi yakisikika vyumbani. Baba yake ndiye yule Sayyid Said aliyeiondoa enzi ya Mazrui katika Ngome ya Mombasa mwaka 1837, kwa hivyo watu wa Mombasa hawahitaji kujulishwa naye. Mama yake, Bibi Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa vitani angali mtoto. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, Mtoni walikaa watu wapatao elfu moja: mabibi, masuria, watoto, matowashi na watumwa. Uani walitembea paa, tausi na mbuni. Kiarabu kilisemwa mbele ya baba, lakini mgongo ukigeuka kila mtu alirudia lugha yake, na iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili.

Watoto wa kike walisomeshwa Kurani, basi. Kusoma waliruhusiwa, lakini kuandika kulionekana ni mlango wa fitina. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia ukawa ndio ubao wake, akaweka Msahafu mbele yake, akawa anaiga herufi moja moja. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana, lakini hakujali. Ujuzi huo mdogo, ambao leo kila mtoto wa darasa la pili anao, ndio uliomwinua na ndio uliomponza.

Ulimponza mapema. Baba alipokufa, Unguja ilimwangukia Sayyid Majid, kaka aliyempenda Salme na aliyemlea pamoja na mama yake katika nyumba yake ya Bet il Watoro. Kaka mwingine, Sayyid Barghash, alikitaka kiti hicho. Mwaka 1859, mama yake akiwa amekwisha kufariki kwa kipindupindu, dada yake Khole alimvuta Salme upande wa Barghash. Katika kundi lile la watu wa siri alihitajika mtu wa kuandika barua, na kalamu ilikuwa mkononi mwa msichana wa miaka 15. Akawa karani wa maasi dhidi ya kaka yake aliyemtunza. Maasi yalizimwa kwa msaada wa manowari ya Kiingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajitenga mashambani. Majid alimsamehe. Baadaye Salme alipopatana na Majid, ni Barghash ambaye hakumsamehe, na kinyongo hicho kilidumu hadi kufa kwake.

Yaliyofuata Pwani nzima huyajua, kila mmoja kwa namna yake. Katika mji wa Unguja nyumba ziko karibu karibu, na mtu huweza kumwona jirani yake juu ya sakafu wakati wa magharibi. Jirani wa Salme alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866 Salme akawa mja mzito. Hatari aliyokuwa nayo haihitaji kuelezwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Usiku wa Agosti mwaka huo, akisaidiwa na mke wa daktari Mwingereza aliyeshika kazi ya ubalozi, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer akaenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei, 1867, baada ya Ruete kumfikia, alibatizwa, akapewa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto wao wa kwanza alikufa safarini kabla hawajafika Ujerumani.

Mengi yamesemwa juu ya kuritadi kwake, na sisi hatuna mizani ya kupimia moyo wa mtu. Ila yafaa ijulikane kwamba yeye mwenyewe hakuificha habari hiyo wala hakuipamba. Aliandika kwamba alibatizwa bila kufundishwa hasa ni dini gani anayoingia, na katika maandishi yake yote ya baadaye anapoeleza saumu, Idi, sala na mazishi ya Kiislamu, anaeleza kama mtu anayetetea nyumba ya baba yake mbele ya wageni.

Sasa tufike kwenye barua, maana hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Mbali na kitabu chake kijulikanacho, Salme aliacha maandishi mengine aliyoyatunga kama barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja. Jina la rafiki huyo halitajwi popote, na huenda hakuwa mtu mmoja, bali nchi nzima aliyoikosa. Mtu aliye mbali huandika nini kwa wa nyumbani? Huandika habari za hali yake: nakula hivi, navaa hivi, majirani wako hivi, baridi imenikamata. Ndivyo alivyofanya Salme. Alieleza miji ambamo milango hufungwa mchana kutwa na madirisha yamezibwa kwa vioo na mapazia, ilhali kwao mlango ni wa kupita watu na baraza ni ya kukaa watu. Alieleza nguo za Kizungu zinazobana, karamu ambazo alitazamwa kama kitu cha ajabu, na aibu ya kutembea uso wazi kwa mtu aliyezoea barakoa. Mumewe alikwenda kazini asubuhi, na yeye akabaki katika nyumba isiyokuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye. Kijerumani hakukijua. Jioni mume aliporudi ndipo Kiswahili kiliposikika tena ndani ya nyumba hiyo ya Hamburg, kwa kuwa ndiyo lugha waliyopendana nayo.

Walizaa watoto watatu zaidi katika miaka mitatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alimtilia na jina la kwao. Picha yake inayojulikana sana, amevaa suruali na kanzu ya Kiomani na mapambo, ni ya miaka hiyo ya Ujerumani, si ya Unguja.

Mwezi Agosti, 1870, Rudolph Ruete alianguka kutoka gari la tramu lililokuwa likivutwa na farasi, akaumia vibaya, na baada ya siku chache akafa. Mtoto mdogo kabisa alikuwa na miezi mitatu na kitu. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26.

Hapa barua zake zinakuwa nzito, na hapa pana jambo ambalo halina budi kuangaliwa vizuri. Salme alikuwa amekabidhiwa mali yake mkononi Unguja tangu miaka 12, shamba na nyumba na fedha za urithi wa baba, na baadaye mashamba ya mama. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanamke hawezi kuhesabu karafuu zake. Katika Hamburg, mji uliojiona umestaarabika, sheria ilimweka yeye na watoto wake chini ya wasimamizi wanaume, na mali ya marehemu ikashikwa na wengine. Fedha zikapotea. Akauza mapambo, akawaachisha kazi watumishi, akashona mwenyewe nguo za watoto, akahama mji baada ya mji akitafuta pa kuishi kwa gharama ndogo: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Akafundisha Kiarabu ili watoto wale. Binti wa sultani akawa mwalimu wa kukodiwa kwa saa.

Na kwao pia mlango ulifungwa. Majid alikufa mwezi Oktoba, 1870, miezi miwili tu baada ya Ruete, na Barghash akakalia kiti. Salme alidai fungu lake katika mirathi ya ndugu zake waliokufa. Barghash alikataa, na kisheria alikuwa na hoja, kwani aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Lakini kukataa hata kumjibu barua ni jambo jingine, na hilo halitoki katika sheria. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alivuka bahari kwenda kumwona. Bwana mkubwa wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimshika njiani akamwahidi kwamba akimwacha sultani kwa amani, serikali ya Uingereza itawasomesha watoto wake. Akakubali. Sultani alipokwisha kuondoka, akaambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, basi Uingereza haihusiki.

Miaka kumi baadaye Wajerumani nao wakamtumia. Mwezi Agosti, 1885, Bismarck alipotaka kumlazimisha Barghash akubali ardhi zilizochukuliwa bara, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Salme alikuwa amechukuliwa pamoja na watoto wake katika meli iitwayo Adler. Akiguswa yeye au mwanawe, Ujerumani ingepata kisingizio. Barghash alikubali masharti ya Wajerumani, na kuanzia hapo kesi ya Salme haikuwa na faida tena kwa Berlin. Alikwenda akaona Mtoni ikiwa gofu. Watu wa mji walimfuata njiani wakimsalimu kwa Kiswahili, jambo lililomfurahisha yeye na kumchukiza sultani. Alirudi tena Unguja mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, na mara hiyo pia hakupata kitu.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, kisha kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888. Ni kumbukumbu za maisha ya binti Mwarabu, na hujulikana kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya maisha ya mtu mwenyewe kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Ndani yake aliwaonya Wazungu wasiamini vitabu vya wasafiri wanaokaa wiki chache Misri au Stambuli, wasiingie nyumba hata moja, kisha warudi kwao kueleza wanawake wa Mashariki wanavyoishi. Yeye alieleza jikoni, harusi, tabibu na dawa, deni na hirizi, kwa kuwa aliishi humo. Ukimwuliza mwandishi wa makala haya kitabu gani kisomwe kwanza juu ya Unguja ya zamani, atakutajia hiki.

Lakini kisomwe kwa macho mawili. Sura yake juu ya utumwa ni ya mtoto wa bwana. Aliutetea utumwa, akawasema Waafrika kwa maneno ambayo mjukuu wa mtu aliyechuma karafuu hawezi kuyapita kimya. Mtu aliyeona kwa undani namna hiyo dhuluma ya kuwekewa wasimamizi Hamburg hakuiona ile iliyombebea maji ya kuoga Mtoni. Mwaka 2019 wakuu wa mtaa mmoja wa Hamburg walikipa kiwanja jina lake, na kwa sababu ya maneno hayo hayo wakaamua kuliondoa mwaka 2020. Sisi wa Pwani hatuwezi kumwondoa kwa urahisi hivyo, maana ni wetu, na aliyoyasema yalisemwa pia katika baraza nyingi ambazo hazikuandika vitabu.

Baada ya safari ya 1888 hakurudi kukaa Ujerumani. Alihamia nchi ya Sham, akaishi miaka mingi Beirut, mahali ambapo angalau adhana na Kiarabu vilisikika dirishani. Aliandika huko juu ya desturi za watu wa Sham. Mwaka 1914 alirejea Ujerumani kwa watoto wake. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alichapisha mwaka 1929 kitabu kizima juu ya babu yake Sayyid Said.

Suluhu ya Unguja ilikuja akiwa mzee. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 Sultan Khalifa bin Harub alikubali alipwe posho ndogo ya kila mwaka. Aliifaidi kidogo tu. Alifariki kwa homa ya mapafu katika mji wa Jena tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa Unguja, ukawekwa pamoja naye kaburini.

Barua zake hazikuchapishwa uhai wake. Mwanawe alizipeleka maktaba na karatasi nyingine za ukoo huko Leiden, nchini Uholanzi, na huko zilikaa hadi mwanachuoni mmoja wa Kiholanzi alipozitoa kwa Kiingereza mwaka 1993. Mwaka uliofuata jumba la masultani lililoko Forodhani lilifanywa makumbusho, na chumba kimoja kikatengwa kwa ajili ya Salme, ndani ya nyumba ya ukoo uliokataa kumjibu.