Plutarch: Bingwa wa Sira Asiyeuhama Mji Wake

Msomaji aliyepata kuisoma tamthilia ya Julius Caesar, aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka wa 1963, amekwisha kukionja chungu cha Plutarch, ijapokuwa hakulijua jina la mpishi. Kisa kile Shakespeare hakukizua. Alikitwaa katika kitabu cha bwana huyu, kilichotiwa katika Kiingereza na Thomas North mwaka wa 1579.

Plutarch alizaliwa kiasi cha mwaka wa 46 Miladia, katika mji mdogo wa Chaeronea huko Ugiriki. Zama hizo Wagiriki walitawaliwa na Warumi, na machungu ya kutawaliwa yalikuwa yakihadithiwa nyumbani kwao. Baba wa babu yake, Nicarchus, alikuwa akisimulia jinsi watu wa mji ule walivyotwishwa ngano ya jeshi la Mark Antony, wakaipeleka hadi pwani mabegani mwao huku wakipigwa mijeledi. Walipokuwa wakijitayarisha kwa safari ya pili, ikaja habari kwamba Antony ameshindwa vitani. Wasimamizi wakatimua mbio, na ngano wakagawana wenyeji.

Alisomea Athens kwa mwalimu Ammonius, akafika Misri, akenda Roma akasomesha huko na kupata marafiki wakubwa wakubwa. Angetaka kukaa angekaa. Lakini alirejea Chaeronea, akasema mji wenyewe ni mdogo, naye hapendi uzidi kuwa mdogo kwa kuondoka yeye. Mdharau kwao ni mtumwa. Huko akashika hata kazi ya kusimamia upimaji wa vigae na upakuaji wa mawe ya ujenzi. Waliomcheka aliwajibu kuwa hafanyi kwa ajili ya nafsi yake, bali kwa ajili ya mji.

Kwa dini alikuwa kuhani wa masanamu ya Delphi, na katika hilo hatuna la kufuata. Tunalolitafuta kwake ni elimu ya khulka za waja.

Kitabu chake kikuu ni cha sira za watu mashuhuri, Mgiriki akiwekwa mkabala na Mrumi: Alexander na Caesar, Demosthenes na Cicero. Jozi 23 zimetufikia. Yeye hakudai kuandika tarehe. Alishika kwamba neno dogo au mzaha huweza kufichua tabia ya mtu kuliko vita vilivyoua maelfu.

Wala hakuwaonea haya wakubwa. Alipofika kwa Cato Mkubwa, Mrumi aliyesifika kwa uadilifu, alimlaumu waziwazi kwa kuwauza watumwa wake walipozeeka, kana kwamba ni wanyama. Akaongeza kuwa yeye hata ng'ombe aliyemlimia hangemuuza kwa sababu ya uzee. Plutarch naye alikuwa na watumwa, kama matajiri wa zama zake. Lakini aliona kwamba wema una mipaka mipana kuliko sheria.

Katika makala zake nyingine, ziitwazo Moralia, alifundisha namna ya kuzuia hasira, ubaya wa domo, na jinsi ya kumtambua rafiki wa kweli na mwenye kujipendekeza. Iliyo karibu zaidi na moyo ni barua aliyomwandikia mkewe, Timoxena. Plutarch alikuwa safarini alipopata habari kwamba binti yao wa miaka miwili amefariki. Alimsihi mkewe asubiri, akamsifu kwa kutofanya makelele ya maombolezo. Kisha akamkumbusha jinsi mtoto yule alivyokuwa akimwomba yaya awanyonyeshe watoto wengine, na hata vitu vyake vya kuchezea. Mambo haya mtu hayaandiki ila ameumia.

Alifariki kiasi cha mwaka wa 120. Waarabu nao walilijua jina lake. Qusta ibn Luqa, mzaliwa wa Baalbek, alifasiri kwa Kiarabu kitabu cha rai za wanafalsafa kilichonasibishwa naye, ingawa wataalamu wa leo wasema si chake.

Huyo ndiye Plutarch. Roma ilimpa heshima, Chaeronea ikampa vigae vya kupima, naye akachagua vigae. Vijana wetu wanaoona kwamba elimu yao haitoshei katika miji midogo walikozaliwa, na walizingatie hilo.