Mutesa II, Rais aliyebaki Kabaka

Ukivuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Port Bell, hauko mbali na Mengo, alikotawala Edward Mutesa II, Kabaka wa Buganda tangu mwaka 1939.

Waingereza walimfukuza nchini mwaka 1953. Aliporejea mwaka 1955 alipokewa kama shujaa. Februari 1962 chama cha Kabaka Yekka, yaani Kabaka pekee, kilizoa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, baraza la Buganda, kikaunda serikali ya mseto na UPC ya Milton Obote. Kilichowaunganisha hasa ni kukihofia chama cha DP cha Benedicto Kiwanuka. Oktoba 1963 Mutesa akawa Rais wa Uganda, Obote akibaki Waziri Mkuu mwenye madaraka.

Tatizo likawa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ya Buganda yaliyodaiwa na Bunyoro. Rais wa nchi nzima angeridhiaje kura ya kuimega Buganda, ilhali ndiye Kabaka wake? Mseto ulivunjika Agosti 1964. Novemba wakazi wa huko wakaichagua Bunyoro.

Mei 24, 1966 jeshi likiongozwa na Idi Amin lilivamia kasri la Mengo. Mutesa alitoroka kupitia Kongo na Burundi hadi London, alikofariki dunia Novemba 21, 1969, akiwa na umri wa miaka 45. Amin huyo huyo, akiwa Rais, aliurejesha mwili wake mwaka 1971, ukazikwa Kasubi.