Luigi Broglio: mwalimu aliyeipa Ngomeni jina angani

Hakuna mtu wa Malindi, Mambrui au Gongoni asiyeyajua yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini Ngomeni. Wavuvi wetu huyatazama kila wakitoka na wakirudi. Lakini ukimuuliza kijana wa sekondari ni nani aliyeyaleta, wengi watakujibu ni Wazungu wa San Marco, na maneno yataishia hapo. Aliyeyaleta alikuwa na jina, na kabla ya yote alikuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Luigi Broglio alizaliwa Novemba 1911 Mestre, mji ulio jirani na Venice nchini Italia, akakulia Roma. Mwaka 1934 alihitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, La Sapienza. Baadaye akaingia jeshi la anga kama mhandisi, na ijapokuwa alipanda vyeo mpaka akawa jenerali, hakuacha kusomesha. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa skuli ya uhandisi wa anga ya chuo hicho, akimrithi Gaetano Arturo Crocco.

Swali lililomshughulisha lilikuwa jepesi kulitamka, zito kulijibu. Huko juu, kilomita mia mbili na zaidi kutoka ardhini, hewa iliyobaki ni kiasi gani? Hewa hiyo ni nyembamba mno, lakini huikwamisha satelaiti kidogo kidogo mpaka ikashuka na kuungua. Asiyeijua hawezi kukadiria chombo chake kitadumu muda gani.

Broglio akabuni mizani ya aina yake. Satelaiti yake ilikuwa tufe lenye upana wa sentimita 66. Nje palikuwa na ganda jepesi, ndani kiini kizito, na viwili hivyo vikaunganishwa kwa vyuma vinavyonyumbuka. Hewa ikilisukuma ganda, kiini hubaki nyuma kidogo. Tofauti ile ndogo ikipimwa, uzito wa hewa hujulikana. Nahodha wa jahazi ataelewa upesi, kwani naye huijua nguvu ya upepo kwa namna tanga linavyovuta kamba.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana: Waitalia watengeneze satelaiti, Wamarekani watoe roketi iitwayo Scout na mafunzo ya kuirusha. Tarehe 15 Desemba 1964 kikosi cha Broglio kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani. Hilo lilikuwa jaribio. Alichokitaka hasa ni kuizungusha satelaiti juu ya mstari wa ikweta, na kutoka Wallops haiwezekani.

Ndipo Ngomeni ilipoingia. Pako takriban digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Dunia hapa huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi hupata msukumo huo bure. Mbele yake ni Bahari Hindi tupu, kwa hivyo mabaki yakianguka hayamwangukii mtu. Jukwaa la Santa Rita lilikuwa la kuchimbia mafuta, na lile la San Marco lilikuwa gati la jeshi la Marekani. Yote mawili yakavutwa baharini mpaka kwetu. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ilirushwa kutoka Ngomeni, na mizani ya mwalimu ikafanya kazi juu ya ikweta.

San Marco 3 ilifuata 1971 na San Marco 4 mwaka 1974. Hizi zilibeba pia vyombo vya Wamarekani vya kuchambua hewa ya juu imechanganyika vipi, naitrojeni kiasi gani, oksijeni kiasi gani, na joto lake likoje. Kumbe elimu ya kemia na fizikia ya anga la ikweta, inayosomwa vyuo vya mbali, sehemu yake ilikusanywa kwa vyombo vilivyoondoka hapa.

Katikati ya hayo, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, ilirushwa satelaiti ya Marekani ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na ilisaidia wataalamu kutambua kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Satelaiti ya mwisho kutoka Ngomeni ilikuwa San Marco 5, Machi 1988. Tangu hapo kituo kimebaki kupokea mawasiliano ya vyombo vya angani. Broglio alifariki Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 89, na kituo leo kinaitwa kwa jina lake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Manung'uniko ya watu wa Ngomeni yapo na yana msingi: miaka mingi roketi zilirushwa baharini mbele ya mapaa ya makuti, na bado mtu anauliza kijiji kilipata nini. Lakini swali hilo halimfuti Broglio. Yeye alitazama ramani akaona thamani ya mahali petu, ambayo sisi wenyewe hatukuwa tumefunzwa kuiona.

Mkataba mpya wa Kenya na Italia, uliotiwa saini 2016, unataja elimu na mafunzo. Basi viongozi wetu wa Kaunti ya Kilifi waulize hadharani: ni wanafunzi wangapi wa Magarini na Malindi wamefaidika, na kwa masomo gani? Na walimu wetu wa fizikia na kemia wasingoje jibu hilo. Mizani ya Broglio inaweza kuelezwa darasani kwa mpira, jiwe na raba nne, na watoto wakimaliza watoke nje wayatazame majukwaa kwa macho mengine.